Siku Kompyuta ya Taifa Ilipoacha Kunguruma

Kabla ya yote niseme wazi: nchi ninayoisimulia si ya kwenu. Ya kwenu naijua, ina jina, ina bendera, na mambo yake yanakwenda sawasawa. Hii ya kwetu jina lake lilipelekwa kwenye kamati lirekebishwe kidogo, kamati ikavunjwa, na jina halijarudi. Tumeishi bila jina miaka kumi na mmoja sasa na hakuna aliyefungwa kwa hilo, isipokuwa wale walioliulizia.

Mimi naitwa Kidawa Makungu. Kwa sasa itabidi mnisadiki kwa mdomo tu. Nilikuwa mchapaji katika Wizara ya Kumbukumbu, ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na nne, na kazi yangu ilikuwa Kompyuta ya Taifa.

Msicheke. Nchi nzima tulikuwa nayo moja. Ndani yake lilikaa Daftari la Wakazi, na sheria yetu mtoto mdogo anaielewa: aliyemo kwenye Daftari yupo, asiyemo hayupo. Asiyemo hauziwi sukari, hapokewi hospitali, hapangishwi chumba, na akigongwa na gari askari hana cha kuandika, maana hakuna aliyegongwa. Kwetu mtu hutaja namba yake kabla ya jina. Mama akimpoteza mtoto sokoni huita namba kwanza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kasha la kusimama, linafika gotini, zamani lilikuwa jeupe na sasa limekuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Lilikuwa na zulia lake na pazia lake. Lilikuwa pia na sheria yake, imebandikwa ukutani: "Mkazi yeyote atakayefungua kasha la Kompyuta ya Taifa atakuwa ametenda kosa, na atafutwa katika Daftari." Niliisoma kila asubuhi miaka kumi na tisa nikivua viatu vyangu mlangoni.

Na lilikuwa linanguruma. Wageni wakija wizarani walisimama chini uani wakasikia kishindo kutoka ghorofa ya tatu kama mashine ya kusaga mahindi, na Waziri wetu, Mheshimiwa Ngwandu, huinua kidole akawaambia, "Mnasikia? Hiyo ni Serikali, inafanya kazi." Wageni hutikisa vichwa. Wengine waliandika kwenye vitabu vyao.

Shida ni kwamba kila baada ya dakika saba kasha lilikuwa linapata moto na kujizima. Ukiandika jina la mtoto aliyezaliwa, ukifika kwa babu yake, giza. Watu walioamriwa kufutwa nao walikuwa thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufutika, maana kufuta mtu kunachukua dakika tisa. Nami, Mungu anisamehe, niliona kama kasoro.

*

Kilichokuwa kinaitesa mashine ile hata mpiga deki anakijua. Ni vumbi. Lakini vumbi kwetu halipo.

Lilikwisha mwaka ule Mkuu wa Nchi alipokata utepe wa barabara ya lami ya kutoka nyumbani kwake kwenda ofisini kwake. Alisimama jukwaani akasema, "Kuanzia leo, vumbi katika nchi hii limebaki historia." Watu walipiga makofi, na wale wa nyuma, waliokuwa wamesimama kwenye barabara yao wenyewe, walipiga makofi huku wamefumba macho. Tangu siku ile mtu akikohoa tunamwambia pole kwa mafua. Kitambaa cha kufutia meza kiliondolewa kwenye orodha ya vifaa vya ofisi, kwa kuwa hakuna cha kufuta.

Kwa hiyo wizara ilitafuta sababu nyingine. Iliundwa Kamati ya Kujizima, ikakaa miezi mitano ikagundua kwamba mashine imechoka. Ikapewa likizo ya siku kumi na nne, na sisi tukakatazwa kupita koridoni na viatu vya kisigino tusiiamshe. Iliporudi kazini ilijizima dakika ya sita. Aliletwa mtaalamu kutoka ng'ambo, akainama, akachungulia tundu la nyuma kwa tochi, akaandika ripoti ya neno moja. Ripoti ikapelekwa kwa watafsiri. Watafsiri wakaitazama, wakatazamana, wakamrudishia Waziri kurasa arobaini zinazoeleza umuhimu wa uzalendo.

*

Sasa nimlete Tausi Mbelwa. Jina lake sipendi kulitaja, lakini bila yeye hadithi haiendi.

Tausi na mimi tuliitana somo. Tuliajiriwa siku moja, tukakaa meza moja, tukala sahani moja. Mimi nilipoolewa ndiye aliyenishika mkono. Alipojifungua mwanawe wa kwanza, mama yake akiwa mgonjwa, ni mimi niliyemkanda kwa maji ya moto siku arobaini, asubuhi na jioni, nikitoka kazini. Siku za shida hata baba wa mtoto hakumjua Tausi kama nilivyomjua mimi. Yeye alikuwa na kichwa cha kupanda, akapanda, akawa Msaidizi wa Mkurugenzi. Mimi nilibaki na zulia langu, na sikumwonea kijicho hata siku moja.

Ijumaa moja akaingia chumba namba kumi na nne, akafunga mlango.

"Somo," akasema, "mkurugenzi anastaafu. Mheshimiwa amesema atakayeifanya mashine isijizime ndiye atakayekaa kwenye kile kiti."

"Basi mwambie ni vumbi."

"Shh. Usilitaje hilo neno, kuta zina masikio." Akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Wewe baba yako alikuwa fundi redio. Unajua kufungua vitu."

"Tausi, sheria ile pale ukutani. Ukiifungua unafutwa."

"Nani atajua? Kesho Jumamosi, nusu siku, saa saba hakuna mtu. Wewe fungua, mimi nasimama mlangoni. Na likitokea la kutokea, nitasema nimekutuma mimi. Mimi nipo, somo. Nimewahi kukutupa?"

Kweli hakuwahi. Nikakubali. Ningekubali hata angeniomba zaidi ya hilo, na ndiyo maana hata leo sijui nimlaumu yeye au nijilaumu mimi.

*

Jumamosi nilikuja na bisibisi ya marehemu baba, brashi ya rangi mpya isiyowahi kuguswa na rangi, na pampu ya baiskeli ya mume wangu. Tausi alisimama mlangoni, uso ukielekea koridoni.

Nilizima. Nikachomoa nyaya zote. Nikashika chuma cha dirisha kwanza, maana baba alinifundisha mwili wa mtu una umeme wake na unaweza kuua vitu vidogo. Skrubu nne za nyuma, nikauvuta ubavu wa kasha, ukatoka.

Jamani. Nimeolewa katika nyumba ya udongo, vumbi nalijua, lakini sikuwahi kuona kama lile. Feni ilikuwa haionekani. Vile vyuma vyembamba vya kupoza moto vilikuwa vimezibwa kama godoro la pamba. Nilisugua taratibu kwa brashi, nikaishika feni kwa kidole isizunguke, nikapuliza kwa pampu, kwanza mbali halafu karibu. Nikapuliza matundu ya nyuma. Nikatoa mabonge kwa vidole. Pipa la taka hatukuwa nalo, liliondolewa pamoja na kitambaa, kwa hiyo nikalikusanya vumbi lote kwenye bahasha ya kaki, likajaa.

Nilipoiwasha, haikutoa sauti. Niliweka sikio kwenye kasha nikasikia kitu kama pumzi ya mtoto aliyelala. Dakika saba zikapita, kumi, nusu saa. Tausi akaja akanikumbatia kwa nyuma, akalia kidogo shingoni kwangu. "Mungu akulipe, somo," akaniambia. Nilifurahi siku ile, siwezi kuficha.

*

Jumatatu Mheshimiwa Ngwandu alikuja na wageni kutoka nchi rafiki. Akawasimamisha uani pale pale pa siku zote, akainua kidole.

"Mnasikia?"

Wageni wakasikiliza. Kunguru alilia. Mbali kidogo mtu alikuwa anapiga chafya.

"Hiyo ni..." akasema Mheshimiwa. Kidole kilibaki juu.

Saa sita mchana redio ikatangaza kwamba Serikali haijasimama. Wananchi ambao hawakuwa na wasiwasi wowote wakapata wasiwasi, wakaanza kununua unga. Kufika saa nane Tume ya Uchunguzi wa Ukimya ilikuwa imeapishwa, na saa tisa walinikuta na bahasha yangu kwenye mtoto wa meza. Sikuwa nimeificha. Nilisubiri Tausi aniambie pa kuitupa.

Tume ilikaa chumba cha mikutano, watu saba na jagi la maji. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeusikia ukimya.

"Hiki kilichomo kwenye bahasha ni nini?"

"Vumbi, Mheshimiwa."

Katibu aliinua kalamu, hakuandika.

"Ndugu Kidawa, unajua vumbi lilikwisha lini?"

"Najua, Mheshimiwa. Nilikuwepo nikapiga makofi."

"Basi nakuuliza tena. Ni nini?"

"Kama si vumbi, Mheshimiwa, mimi sijui."

"Limetoka wapi?"

"Ndani ya Kompyuta ya Taifa."

"Na ndani ya Kompyuta ya Taifa kuna nini?"

"Kuna kumbukumbu, Mheshimiwa."

Akaegemea kiti, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Wakaleta mizani kutoka jikoni. Ikaandikwa kwamba mtuhumiwa amekutwa na gramu mia mbili na arobaini za kumbukumbu za taifa, zikiwa kwenye bahasha, bila muhuri. Mjumbe mmoja mzee alitaka kujua ni kumbukumbu za mwaka gani. Akashika kidogo kwa vidole, akainusa, akapiga chafya, akasema anahisi ni za wakati wa uhuru. Wajumbe wote wakasimama dakika moja kwa heshima.

Nami nilisimama. Nilikuwa sijaogopa bado, maana Tausi alikuwa amekaa pale, kiti cha pili kutoka dirishani. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba nilitumwa, na nilijua zamu yake ikifika atasema.

"Msaidizi wa Mkurugenzi," akaita Mheshimiwa. "Mtuhumiwa anadai alitumwa. Unamfahamu?"

Tausi alisimama. Alikuwa amevaa kitenge nilichomnunulia siku mwanawe alipohitimu. Hakunitazama.

"Namfahamu kikazi, Mheshimiwa," akasema. "Ni mchapaji wa muda mrefu. Mambo yake binafsi siyajui."

"Ulimtuma?"

"Mheshimiwa, mimi siku ya Jumamosi saa saba nilikuwa njiani kwenda msibani."

"Tausi," nikasema. Nilisema tu, wala sikupiga kelele. "Somo."

"Mheshimiwa," akasema, "naomba mtuhumiwa aelekezwe kunitaja kwa cheo."

Wazee wanasema asante ya punda mateke. Mimi teke lile lilinipata hapa, chini ya mbavu, na nilikaa mwenyewe bila kuambiwa nikae. Siku arobaini za maji ya moto. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa kuvuka kumi na mbili.

*

Hukumu ilikuwa ile iliyoandikwa ukutani. Mtu pekee aliyejua kufuta alikuwa mimi, kwa hiyo waliniomba nimwelekeze Tausi namna ya kufanya, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamwelekeza. Bonyeza hapa. Andika namba. Sasa itakuuliza kama una uhakika.

Iliuliza kama ana uhakika.

Tausi alibonyeza bila kusita, na kufuta kulikochukua dakika tisa kulichukua pumzi moja. Mashine ilikuwa safi. Wajumbe walishangaa upesi wake, wakampigia makofi, na Mheshimiwa akamtangaza kuwa Mkurugenzi pale pale. Kabla ya chai ya saa kumi wale thelathini na mmoja nao walikuwa wamekwisha. Majina yao nilikuwa nayajua kwa moyo. Mmoja alikuwa mwalimu aliyeuliza swali.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anasoma barua ya wizara inayomthibitishia kwamba hana mke. Aliisoma mara mbili, akaikunja. "Kidawa," akaniambia, "mimi ni mtumishi wa umma." Nikachukua nguo zangu nikaenda kwa shangazi yangu, mwenye mtoto wa jicho, ambaye akiulizwa na mjumbe wa mtaa anaweza kuapa kwa haki kwamba hajaniona.

Nilikaa huko miezi minane. Duka la jirani nilikuwa naingia, nasimama, muuzaji anahudumia aliye nyuma yangu. Niliugua meno nikayang'oa mwenyewe. Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja, jina langu lirudi mahali pake, ili nikiitwa niweze kuitika.

*

Siku moja asubuhi gari la Mkurugenzi likasimama kwa shangazi. Tausi akashuka, amenenepa, amependeza. Akaketi kwenye kigoda jikoni kama zamani.

"Somo," akasema, "inajizima tena. Dakika ya nne."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea.

"Leo saa nne Mheshimiwa anakuja na wageni. Anataka kuwaonyesha tunavyofuta. Ana majina sitini. Ngurumo nimeshaishughulikia, tumeweka spika nyuma ya pazia, inanguruma vizuri kuliko mwanzo. Lakini ikijizima mbele ya wageni, mimi nimekwisha."

"Na sheria?"

Hapo macho yake yakang'aa. "Nimeisoma mara tatu. Inasema mkazi yeyote. Wewe si mkazi, somo. Hata ukiifungua mchana kweupe, hakuna aliyefungua. Nchi nzima ni wewe tu unayeweza."

"Utanirudisha?"

"Twende kwanza."

Nikaenda. Msinitukane, asiyewahi kufutwa hajui. Mlinzi wa getini, Mzee Undole, aliyekuwa ananipa habari za mjukuu wake kila asubuhi, alifungua kitabu cha wageni, akanitazama, akakifunga. Ghorofa ya tatu ngurumo ilikuwa inatoka kwenye spika kwa nguvu mpaka vioo vinatetemeka, na kasha lenyewe limezima, kimya, moto kama kaa.

Nilitoa skrubu nne. Nikauvuta ubavu. Vumbi la miezi minane tu lakini nene, maana wizara ilikuwa haifungi tena madirisha, kuonyesha kwamba hakuna kinachoingia. Nilichukua brashi. Halafu mkono ukagoma.

"Tausi," nikasema, "nikimaliza hapa, ukaiwasha, namba yangu na jina langu, ni kubonyeza mara mbili. Utabonyeza?"

Akatazama saa yake. "Kidawa, tutaongea."

"Hatutaongea. Nijibu sasa."

Alinisogelea akanishika bega, na kwa sauti ileile ya siku zile za kitanda chake cha uzazi, sauti ya mtu anayekwambia siri kwa kuwa anakupenda, akaniambia:

"Somo, hebu fikiri mwenyewe. Nikikurudisha, nani atasafisha?"

Sikujua mtu anaweza kuumizwa mara ya pili palepale na bado pakawa pazima pa kuumia. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa ananieleza, kama mtu anavyoeleza kwa nini mfagio hukaa nyuma ya mlango. Nikamkumbuka akilia shingoni kwangu, nikajua hata siku ile alikuwa analilia kiti.

Niliweka brashi chini. Nikachukua zile skrubu nne, nikamfungua kiganja, nikazimimina humo, nikakifumba kwa vidole vyangu.

"Asafishe mkazi," nikamwambia.

"Kidawa. Kidawa, saa nne kasoro dakika tano. Kidawa, mimi sijui kuirudishia."

Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nilikutana na Mheshimiwa Ngwandu anapanda na wageni wake, kidole kiko tayari juu, anawaambia wasikilize. Nyuma yake walikuja wajumbe wenzake wa Tume, wote sita. Ningeweza kupiga kelele Tausi akasikia, akapata japo nafasi ya kufunga mlango. Somo yake angepiga kelele, lakini somo huyo Tausi alimfuta kwa mkono wake mwenyewe.

Nikajibana ukutani nikawapisha. Hakuna aliyeniona.